Roketi ianze na mpira, baruti ingoje

Kila zinapozungumzwa roketi za Kongo, jina la Jean-Patrice Keka hutangulia. Mhandisi huyo alirusha roketi zake za Troposphère kutoka Menkao, mashariki ya Kinshasa, na mwaka 2009 Troposphère 5 ilipaa ikiwa imebeba panya, ikapoteza mwelekeo na kuanguka. Watazamaji walibaki na kumbukumbu ya moshi, mlio na bomba lililokwenda kombo. Kijana wa Katindo, mtaa wa mji wa Goma, anayevutiwa na picha hiyo ni rahisi aulize kwanza ni unga gani unaowaka. Kwa maoni yangu, hapo anaanzia mwisho. Ugumu wa roketi ya fueli yabisi uko zaidi kwenye mpira unaoushikilia unga huo, na mpira ndio somo ambalo Goma inaweza kulifundisha leo bila kumhatarisha mtu.

Wamarekani walilitambua hilo miaka ya 1940. Jack Parsons na wenzake wa California walikuwa wakishikilia unga wao kwa lami, ileile ya barabarani, na lami ina tabia mbaya: kwenye baridi hupasuka, kwenye joto hulegea. Baadaye Charles Bartley akajaribu mpira wa maji wa kampuni ya Thiokol, uliotengenezwa kwa ajili ya kuziba mianya na wala si kwa ajili ya roketi. Unamiminwa ndani ya bomba, unaganda, unang'ang'ania kuta, na bado unanyumbuka. Sababu ya kuuhitaji ni hii: fueli yabisi huwaka usoni tu, tabaka baada ya tabaka. Ukiwamo ufa, kiputo cha hewa au mahali fueli ilipobanduka kwenye ukuta, moto hupenya humo, eneo linalowaka huongezeka ghafla, mgandamizo hupanda na bomba hupasuka. Siku hizi viwanda vingi hutumia mpira wa polibutadiene, ambao wenyewe pia huungua na kuongeza nguvu. Kwa hiyo anayeshindwa kumimina mpira usio na viputo hana roketi, hata awe na unga bora kuliko wote duniani.

Viwanda vyenyewe hufanya mazoezi kwa mchanganyiko usiowaka: mpira uleule, lakini badala ya unga wa moto hutiwa chumvi isiyo na madhara yenye chembe za ukubwa unaolingana. Wanapima jinsi uji wa mchanganyiko huo unavyotiririka, wanaugandisha, wanaukata kwa msumeno kutafuta viputo, kisha wanauvuta hadi ukatike. Mwanafunzi wa kemia au wa ufundi mjini Goma anaweza kufanya hayo yote. Atahitaji mizani, pampu ya kuondoa hewa, kalibu, na chumba chenye hewa ya kutosha, maana dawa ya kugandisha mpira ina mvuke unaodhuru mapafu. Moto hauhitajiki popote.

Nitaambiwa kwamba roketi bila moto ni somo kavu, na kwamba Keka asingefika popote kwa kukata vipande vya mpira. Ni kweli kwamba hamu huchochewa na kupaa. Lakini Marekani kwenyewe, baada ya setilaiti ya Sputnik kurushwa mwaka 1957, vijana waliojitengenezea fueli nyumbani waliumia vibaya, wengine wakafa. Dawa iliyopatikana ilikuwa kutenganisha kazi: kijana ajenge na kurusha roketi, injini ndogo itoke kiwandani. Chama cha kitaifa cha warusha roketi hizo ndogo kilianzishwa mwaka huohuo kwa msingi huo. Na anayedhani tatizo ni uchanga wa vijana tu aitazame Brazil: Agosti 2003, kwenye kituo cha kurushia roketi cha Alcântara, injini ya fueli yabisi iliwaka yenyewe kabla ya siku ya kurusha, ikaua mafundi 21 waliosomea kazi hiyo.

Pingamizi zito zaidi linatoka Goma yenyewe. Katindo ina kambi ya jeshi katikati ya makazi ya raia. Mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini, mabomu yaliangukia nyumba za watu, na mabaki yake yakaachwa mitaani. Nani atamsadiki kijana anayesema bomba lake ni la sayansi? Pingamizi hili nalikubali, na ndilo linalonifanya niseme kwamba kuchanganya fueli halisi hapa, hata gramu chache jikoni, ni jambo la kukataliwa kabisa. Mtu anaweza kuuawa kwa kushukiwa tu. Lakini hoja hiyo haiugusi mpira wenye chumvi, mradi kazi ifanyike ndani ya chuo, mchana, mbele ya mwalimu, na daftari likae wazi kwa yeyote anayetaka kukagua.

Kuna atakayekumbusha damu iliyomwagika kwa ajili ya mpira Kongo enzi za Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mpira wa roketi hautoki msituni; hutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli, na Kongo italazimika kuuagiza. Hilo ni suala la bei, nalo si dogo kwa chuo kisicholipa walimu kwa wakati. Ndiyo maana ningeanza na mpira wa silikoni wa kutengenezea kalibu, ambao ni rahisi kuupata. Tabia zake si zilezile, ila viputo vyake vinafundisha uvumilivu uleule, na ujuzi wa kuvitoa utamfaa pia atakayeishia kutengeneza viungo bandia vya waliokatwa miguu na vita, kazi ambayo Goma inaihitaji kabla ya roketi.