Seli inapokataa kufa: Uvimbe wa taya kwa mtoto si jino siku zote

Leo safu hii inazungumzia saratani ya tezi iitwayo limfoma ya Burkitt, maradhi yanayowapata zaidi watoto wa umri wa miaka minne hadi saba katika nchi zetu za joto na malaria. Nimeyachagua kwa sababu majumbani mwetu hudhaniwa kuwa ni jino, na kuchelewa kwake hakuhesabiwi kwa miezi bali kwa siku.

Kwanza tufahamu kwamba hata seli za mwili zimewekewa mauti yake. Mtoto akiwa tumboni, vidole vyake huanza vikiwa vimeshikana kwa utando. Seli za utando ule hupewa amri ya kufa, zinakufa, na vidole vinaachana. Subhanallah! Kifo hiki cha utaratibu kilipewa jina lake la kitaalamu mwaka 1972 na Kerr, Wyllie na Currie. Mwaka 2002 Brenner, Horvitz na Sulston walipata Tuzo ya Nobel kwa kuonesha jinsi jeni zinavyokiongoza.

Seli zinazoihitaji mno amri hii ni askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu zinazokaa kwenye tezi. Maradhi yakiingia, askari hawa huzaliana kwa wingi, na katika kuzaliana huko hukata na kuunga upya jeni zao ili watengeneze silaha inayomfaa adui. Kazi ya kukata na kuunga ina hatari zake. Seli iliyokosea, au iliyogeuka kuushambulia mwili wenyewe, inatakiwa ife. Ishara ya kifo isipofika, au ikafika seli ikaipuuza, limfoma hupata njia.

Kwa watu wazima ipo limfoma ya polepole ambayo ndani yake vipande vya kromosomu ya 14 na ya 18 vimeungana kimakosa. Jeni iitwayo BCL2 hubaki imewashwa muda wote, na kazi yake ni kuzuia seli isife. Mwaka 1988 watafiti wa Australia, Vaux, Cory na Adams, walionesha kuwa jeni hii huziweka seli hai bila ya kuzihimiza zigawanyike. Kumbe saratani si kuzaliana kupita kiasi tu, ni pamoja na kutokufa kwa wakati wake.

Ya Burkitt ni kali zaidi. Hapa mara nyingi kromosomu ya 8 na ya 14 ndizo zinazobadilishana vipande, na jeni ya MYC ikaishurutisha seli igawanyike bila kupumzika. Mwili haukubali hivi hivi, kwani seli inayokimbizwa namna hiyo kwa kawaida huamriwa kufa. Lakini protini ya p53, ambayo ni miongoni mwa walinzi wakuu wa amri hiyo, mara nyingi huwa imeharibika, na kirusi cha Epstein-Barr kilichojificha ndani ya seli nacho husaidia kuiziba ishara. Breki zikikatika, uvimbe unaweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili.

Daktari Denis Burkitt aliyaeleza maradhi haya mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Mwaka 1961 alisafiri na wenzake wawili kwa gari hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali hata hospitali, na akaona kuwa yanafuata maeneo ya joto na mvua. Leo inafahamika kuwa malaria ya mara kwa mara huwachochea askari wale wazaliane, makosa ya kuunga jeni yakaongezeka, na hudhoofisha ulinzi dhidi ya kirusi. Basi chandarua na kufukia madimbwi si mambo ya homa peke yake.

Kirusi chenyewe karibu kila mtoto wetu hukipata mapema kwa njia ya mate, na walio wengi mno hawapati saratani. Kwa hiyo mama asilaumiwe kwa kumtafunia mwanawe chakula, wala mgonjwa asitengwe, maana saratani hii haiambukizi.

Sasa niseme wazi. Taya likivimba, meno yakalegea kabla ya wakati wake, jicho likatokeza au tumbo likajaa, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Jino likishang'olewa na uvimbe ukaendelea, usirudi kwa mng'oaji. Sipingi kisomo, na Mtume (s.a.w.) ametuhimiza pia kutafuta dawa. Ninachopinga ni ustadhi kumweka mtoto wiki tatu akimsomea jini. Asome, na gari la hospitali liwe linasubiri nje.

Hospitalini ombeni kipande cha uvimbe kipimwe. Muhimbili, Bugando na KCMC hutibu, na Uganda ipo taasisi ya saratani ya Mulago. Katika nchi tajiri hupona karibu watoto 9 kati ya 10. Kwetu wanapona wachache zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa na kuacha dawa njiani. Dawa huzilazimisha seli zife, na kwa kuwa zinakufa nyingi kwa mara moja figo huweza kuzidiwa, ndiyo maana mtoto hulazwa na kutundikiwa maji. Uvimbe hunywea upesi, mzazi akafurahi na kurudi shamba. Seli chache zilizobaki ndizo zinazorudi kumuua.

Wengi hawarudi kliniki kwa kukosa nauli. Misikiti yetu ina sanduku la ujenzi na sanduku la sanda. Naomba kamati zifungue la tatu, la nauli ya wagonjwa, na imamu alitangaze Ijumaa kabla ya watu kutawanyika.