Mbwa asikilizwe moyo kabla ya kulipiwa

Mkazi wa Nairobi anayetaka gari kuukuu humwita mekanika afungue boneti na kusikiliza injini. Mtu huyo huyo atatoa maelfu ya shilingi kwa mtoto wa mbwa aina ya Rottweiler, ampakie garini na kwenda zake Lavington bila yeyote kumsikiliza moyo.

Mbwa na paka, sawa na watoto wetu, huweza kuzaliwa na kasoro katika vali za moyo, yaani vile vilango vinavyoruhusu damu kupita upande mmoja tu. Njia ikiwa nyembamba, moyo hufanya kazi kupita kiasi. Kilango kisipofunga sawasawa, damu hurudi ilikotoka. Mnyama huchoka upesi, tumbo hujaa maji, au huanguka ghafla akicheza. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote mpaka siku ya kufa, na hapo jirani husingiziwa kuwa katupa sumu uani! Paka ni msiri zaidi. Ukimwona akihema mdomo wazi, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo.

Nyingi za kasoro hizi hurithiwa. German Shepherd, Boxer, Golden Retriever na Rottweiler wanajulikana kwa njia nyembamba chini ya vali ya mshipa mkuu wa damu; Labrador kwa vali ya upande wa kulia. Kwa maoni yangu, cheti cha nasaba kisicho na barua ya daktari kuhusu moyo wa wazazi ni pambo tu.

Madaktari wapo. Chuo Kikuu cha Nairobi huwafundisha kule Upper Kabete, mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji. Kusikiliza kifua ni kazi ya dakika chache.

Wafugaji watalalamika kwamba daktari akisikia mvumo, mnunuzi atakimbia. Lakini baadhi ya mivumo ya watoto wa mbwa haina madhara, nayo hutoweka kabla ya miezi 6. Mingine huzidi kadiri mbwa anavyokua, kwa hiyo asikilizwe tena akifikisha mwaka. Mfugaji mwaminifu atakubali kulipwa nusu, nusu nyingine baada ya daktari. Yule anayewauza kando ya barabara hatakubali, na kesho hutampata.

Mnyama aliyekwisha kugunduliwa ana kasoro si lazima auawe. Kasoro ikiwa ndogo, huenda akaishi miaka mingi, na zipo dawa za kumpunguzia taabu. Ila asizalishwe, hata jirani akiomba mbegu kwa bei nzuri.