Inzi wa matunda: siku 14 za kuwamaliza



Wiki hii tunazungumza juu ya wale inzi wadogo wanaozunguka ndizi zilizoiva, papai lililokatwa na chupa ya masanga ya mbila iliyobaki wazi. Wengi wenu mmetuuliza kuhusu hao, hasa nyinyi mnaouza matunda. Mnunuzi akiona wingu la inzi juu ya beseni, anapita na kwenda kwa mama wa pembeni, hata kama ndizi zako ni tamu kuliko zake. Beseni likirudi nyumbani bado limejaa, minervali ya mtoto inangoja tena.

Tuwajue kwanza

Inzi wa matunda ana urefu wa milimeta 3 hivi, mwili wa rangi ya kahawia, na macho mekundu. Usimchanganye na inzi mkubwa wa choo na jalala. Inzi mkubwa anazaliwa katika mavi na takataka. Huyu mdogo anafuata harufu ya kitu kinachochacha: tunda lililoiva kupita kiasi, bia iliyomwagika, maganda ya nanasi yaliyolala usiku kucha.

Yeye hang'ati mtu. Lakini anatembea juu ya kilichooza, kisha anatua juu ya uji wa mtoto, na miguu yake inaweza kubeba vijidudu. Tena, mahali alipo, yai lake lipo.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Jike mmoja anaweza kutaga mayai 400 na zaidi katika maisha yake. Yai linaanguliwa kwa siku moja hivi. Funza anakula ndani ya tunda siku nne au tano, kisha anajifunga katika ganda dogo, na baada ya siku chache anatoka akiwa inzi mwenye mabawa. Katika joto la nyuzi 25, ambalo ndilo joto letu la kawaida hapa Kisangani, safari yote inachukua siku 10 hivi. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, hatuna majira ya baridi ya kuwapunguza. Wanazaa Januari, wanazaa Julai.

Waonyesheni watoto wakubwa hesabu hii. Mayai 400, nusu yao majike: 200. Kila mmoja akitaga 400, ni 80,000 katika kizazi cha pili. Wengi wanakufa kabla, lakini mtoto ataelewa kwa nini ndizi moja iliyosahauliwa chini ya kitanda inajaza nyumba.

Uzazi huo wa haraka ndio uliowavutia hata wataalamu. Thomas Hunt Morgan, mwalimu wa chuo kikuu mjini New York, aliwafuga katika chupa za maziwa akiwalisha ndizi iliyopondwa. Mwaka 1910 aliona dume mmoja mwenye macho meupe, akafuata uzao wake, na kwa njia hiyo akaonyesha jinsi wazazi wanavyopitisha alama zao kwa watoto. Mwaka 1933 alipewa Tuzo ya Nobel. Basi kama chupa na ndizi vilimtosha Morgan kufuga maelfu, jikoni mwetu navyo vinatosha.

Tutafute wanakozaliwa

Kuwapiga kwa kitambaa hakusaidii. Unaua kumi, na kesho wanatoka mia. Asubuhi moja, tuzunguke nyumba yote na kuangalia: chini ya rafu ya jikoni, kwenye kikapu cha vitunguu na viazi, nyuma ya mfuko wa makala, ndani ya ndoo ya maganda, kwenye chupa tupu za bia na za sukari, kwenye kitambaa chenye unyevu cha kufutia meza, na pale ambapo maji ya kuoshea vyombo yanasimama. Tunda lenye jeraha, hata dogo, litolewe. Inzi hupenda kutaga mahali ngozi ya tunda ilipopasuka.

Maganda yasilale ndani. Kila jioni yatoke. Mwenye mbuzi, bata au nguruwe awape. Asiye na mifugo achimbe shimo mbali kidogo na mlango, atupe maganda, na afunike kwa udongo kila mara. Mkichimba karibu na mgomba, baada ya miezi udongo ule utalisha makemba yenu.

Matunda yakifika kutoka mtoni au sokoni, yaoshwe kwa maji safi, yakaushwe, kisha yachaguliwe mafungu matatu: ya leo, ya kesho, na mabichi. Yaliyoiva yafunikwe kwa kitambaa chepesi cha pamba kilichobanwa pembeni. Msikate chandarua cha kulalia kufunika chakula. Vyandarua tunavyogawiwa vina dawa ya kuua mbu, na kazi yake ni kumlinda mtoto usiku, si kugusa ndizi zake.

Ndizi zilizolainika sana, ponda, changanya na unga na sukari kidogo, kaanga mikate. Hazitakuwa tena chakula cha inzi, na watoto watafurahi.

Mtego wa kopo

Chukua kopo au glasi. Tia vidole viwili vya siki, ile tunayoita vinegre, au masanga ya mbila yaliyochacha. Ongeza tone moja au mawili ya sabuni ya maji, au sabuni ya kipande iliyoyeyushwa. Koroga polepole, lisitoke povu jingi. Sabuni ina kazi yake: bila hiyo inzi anasimama juu ya maji na kuruka tena, ikiwepo, anazama.

Ukipenda, funika kopo kwa karatasi iliyokunjwa kama mdomo wa faneli, tundu dogo likiwa chini. Wanaingia kwa harufu, hawajui njia ya kutoka. Weka mtego pale unapowaona wengi, mbali na mikono ya watoto. Mwage na ubadilishe kila siku mbili. Mtego uliosahauliwa na kipande cha tunda ndani unageuka kuwa nyumba ya kuzalia.

Kwa nini siku 14

Mama mmoja anatuambia, “Mama Mwalimu, nilisafisha kila kitu, siku ya nne wakarudi.” Hawakurudi, mama. Hao walikuwa ndani ya maganda yao bado, wamejificha kwenye ufa wa rafu au kwenye kikapu. Walikuwa njiani tayari siku ile uliposafisha. Kama unaendelea kutoa maganda na kuweka mtego mpaka siku 10 zipite, wale wa mwisho watatoka na hawatapata pa kutaga. Tunaongeza siku nne kwa usalama. Anayeachia siku ya tano anaanza upya.

Tena, inzi hajui mpaka wa kiwanja. Nyumba moja ikisafisha na ya jirani ikiacha maganda wazi, kazi ni bure. Ndiyo maana tunaomba kila avenue ianze siku moja.

Dawa ya kupuliza: tafadhali, hapana

Sasa jambo lililotusukuma kuandika. Kuna dawa za kuua wadudu zinazouzwa kwa kupimiwa, zikitiwa katika chupa ndogo ya maji ya kunywa, bila jina, bila maelezo. Wamama wengine wanazipuliza jikoni, na wengine wanataka kuzipuliza juu ya matunda yenyewe kabla ya kuyapeleka sokoni.

Dawa nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa ajili ya shamba, na sumu inayoumiza mishipa ya fahamu ya mdudu inaweza kumuumiza mtu pia. Mtoto ni mdogo, kiasi kidogo kinamtosha. Anayekula ndizi ile ni mtoto wa mwenzako. Anayeona chupa ya maji pembeni ya kitanda na kuinywa kwa kiu ni mtoto wako. Na hiyo dawa haifiki kwa funza aliye ndani ya tunda wala kwa yule aliyejifunga. Baada ya siku chache inzi wako pale pale, na sumu umeilipia.

Kama kuna chupa ya namna hiyo nyumbani, itoke chumbani leo, ifungiwe juu, mbali na chakula, na isiwe tena katika chupa ya kunywea. Mtoto akinywa, msimtapishe, msimpe mafuta ya mawese wala maziwa. Mkimbizeni kwenye kituo cha afya mara moja, na mbebe ile chupa ili muuguzi ajue alichokunywa. Ikimwagika juu ya ngozi, vueni nguo, oshani kwa maji mengi na sabuni.

Kwa wamama wa soko

Futa beseni kwa maji ya sabuni kila jioni na ulianike juani. Weka mtego wa kopo chini ya meza, siyo juu, mnunuzi asiuone. Tunda lililopasuka usilifiche chini ya mazuri. Ndilo linaloita inzi kwa yote. Liuze kwa bei ndogo asubuhi hiyo hiyo au lirudi nyumbani kwa mikate. Nanasi na papai vya kukatwa, kata mbele ya mnunuzi, usikate sahani nzima mapema.

Kazi ya wiki hii

Siku ya likelemba, kila kikundi kichague wamama wawili wa kupita avenue yao na kukubaliana siku ya kuanza. Watoto wa darasa la tano na la sita wapewe kazi ya kuhesabu inzi ndani ya kopo kila siku mbili na kuandika kwenye daftari. Hesabu ikianza kushuka baada ya siku ya 10, mtajua mko njiani. Leteni daftari hizo kwenye mkutano, tuzilinganishe avenue kwa avenue.

Kazi njema, wamama. Tukutane hapa wiki ijayo.