Nani Alichinja Mbuzi wa Krismasi?

Nyumbani kwetu Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza kwenye barabara iendayo Musoma, mbuzi wa Krismasi huchinjwa na Mwislamu. Imekuwa hivyo tangu sijazaliwa. Jirani yetu, ambaye tangu utotoni tunamwita Baba Mdogo ingawa hatuna naye undugu wa damu, hufika asubuhi ya tarehe 25 na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti. Humlaza mnyama akielekea kibla, hutamka bismillahi, kazi inakwisha. Mama yangu, Mkatoliki asiyekosa misa ya kwanza, humpa mguu wa mbele aende nao kwake. Hakuna aliyewahi kuliita jambo hilo uvumilivu wa kidini. Liliitwa kuchinja mbuzi.

Mbuzi wa mwaka jana nilimnunua mimi, na mimi sina dini. Nilibatizwa, nikapata komunyo ya kwanza na kipaimara, kisha imani ikaniisha taratibu kama mafuta ya taa kwenye koroboi. Sikugombana na mtu. Niliacha tu kusema nisichokiamini. Mama anajua, na kijiji chote kinajua.

Siku hiyo katekista mstaafu, mzee aliyenifundisha sala nikiwa na miaka 9, alisubiri sahani zigawiwe ndipo akauliza kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "Ng'wanawane, wewe usiyeamini, unakula Krismasi ya nani?"

Watu walicheka. Mama hakucheka. Nilinyamaza, kwa sababu mzee wa umri ule hajibiwi mbele ya wageni. Lakini usiku, tukiwa tumebaki wawili na masufuria, mama aliniuliza polepole kama mwaka unaofuata nitakuja. Hakuwa ananifukuza. Alikuwa anaogopa kwamba nitaulizwa tena, na kwamba safari hii nitajibu.

Basi namjibu mzee wangu hapa, kwa heshima zote, ili nisije nikamjibu mbele ya mama.

Kwanza, mzee wangu, umenichagua mimi peke yangu. Pale mkekani alikuwepo Baba Mdogo, na sahani yake ilikuwa imejaa. Yeye naye haamini kwamba aliyezaliwa Bethlehemu ni Mwana wa Mungu. Dini yake inamkataza kabisa kuamini hivyo. Hukumuuliza anakula Krismasi ya nani. Na wewe mwenyewe kila Idd el Fitr uko kwake, unakula pilau na tambi, na hakuna aliyekuuliza ulifunga Ramadhani ya nani. Kama tatizo lingekuwa kula sikukuu ya imani usiyo nayo, sote watatu tungekuwa na kosa moja. Tatizo lako si Krismasi. Tatizo lako ni kwamba Baba Mdogo ana dini nyingine, na mimi sina yoyote.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Tanzania tunajisifu, na kwa haki, kwamba Mkristo na Mwislamu huoana, huzikana na kulishana. Lakini uvumilivu wetu umekuwa mkataba wa watu wawili. Tunaulizana "dini gani?" kama tunavyoulizana "chai au kahawa?", na anayejibu "sinywi" huonekana ametukana nyumba.

Mtu wa tatu, hata hivyo, si mgeni hapa Usukumani. Wamisionari wa Afrika walifungua misheni ya Bukumbi, kando ya ghuba ya Mwanza, mwaka 1883. Zaidi ya miaka 140 imepita na bado zipo kaya ambazo hazijaingia kanisani wala msikitini. Babu yangu upande wa mama, tuliyemwita guku, alikufa bila kubatizwa. Aliwahi kutoa ushahidi mahakamani katika kesi ya mpaka wa shamba. Kumbukumbu za mahakama zetu huandika jina la shahidi, umri, kazi na dini, na asiye Mkristo wala Mwislamu huandikwa neno moja: mpagani. Guku alikuwa na mizimu aliyoitambikia, miiko aliyoishika na mvua aliyoiombea. Karani alilifunga hayo yote katika neno moja lenye maana ya upungufu. Mimi leo, nisiyetambika wala kusali, ningeandikwa neno hilohilo.

Na huyo mpagani ndiye aliyekuwa akitoa ng'ombe wa Krismasi. Mama anakumbuka vizuri. Binti zake walikuwa wamebatizwa, naye alisema mtoto hawezi kuwa na sikukuu halafu baba yake akawa mgeni. Alikaa chini ya mwembe wake, akala, akanywa pombe yake ya mtama, akasikiliza watoto wakiimba. Katekista wa enzi hizo hakumuuliza kitu. Labda kwa sababu ng'ombe ni mkubwa kuliko mbuzi.

Sisemi kanisa halijui haya. Hapohapo jirani, Bujora, Padri David Clement kutoka Kanada alijenga parokia katika miaka ya 1950 na kuipa sura ya Kisukuma, ngoma na nyumba zake zikiwemo. Kila Juni, wakati wa sikukuu ya Ekaristi, hufanyika Bulabo. Bagika na Bagalu hushindana kucheza, wengine na majembe, wengine na nyoka, na mizizi ya mashindano yao ni waganga wa karne ya 19. Pembeni ya uwanja wanasimama watu wasiojua hata mwanzo wa Baba Yetu. Hakuna anayekagua vyeti vya ubatizo. Parokia hiyo ilielewa jambo ambalo mzee wangu amelisahau: sikukuu inayofunga mlango hubaki na wenyewe tu, na wenyewe peke yao hawatoshi kujaza uwanja.

Najua atakachosema. Atasema sikukuu bila mwenye sikukuu ni ulevi na nguo mpya za Mlango Mmoja. Hapo ana nusu ya haki. Wapo wenzangu wasio na dini ambao hula wali wa shangazi zao huku wakikejeli sala iliyotangulia, na wanaosubiri Desemba ili watufundishe kwamba Injili haitaji tarehe 25. Ni kweli haiitaji. Lakini kumwambia hivyo mama anayekuna nazi ni ukosefu wa adabu, si ujuzi. Mimi sala ikisomwa nasimama na kuvua kofia. Komunyo siiendei, kwa sababu ile ni meza ya waumini na ina masharti yake. Mkeka wa mama hauna masharti hayo. Naomba tu mzee wangu asizichanganye meza hizo mbili.

Akizichanganya, tunajua njia hiyo inakokwenda, kwa sababu tulishaipita. Mwanzoni mwa 2013 swali la nani achinje liliingia kwenye mabucha, hapa Mwanza na jirani zetu Geita. Kwa mazoea ya miaka mingi nyama ya kuuzwa ilichinjwa na Waislamu ili kila mtu aweze kuila. Baadhi ya Wakristo wakasema kula kilichosomewa dua isiyo yao ni kushiriki ibada isiyo yao, wakataka wachinje wenyewe. Baadhi ya Waislamu wakaona huo ni uchokozi. Februari mwaka huo, huko Buseresere, mkoani Geita, vurugu zilizuka na mchungaji mmoja akauawa. Watu waliokuwa wamekula sahani moja miaka yote walianza kuulizana nani kashika kisu.

Sisemi swali la mzee wangu lina damu. Lilikuwa utani wa mtu aliyeshiba. Lakini "unakula Krismasi ya nani?" na "nyama hii kachinja nani?" ni maswali ya ukoo mmoja. Yote mawili yanataka chakula kionyeshe kitambulisho kabla hakijafika mdomoni.

Katiba yetu, Ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, na uhuru wa kubadilisha imani yake. Sensa ya mwisho kutuuliza dini ilikuwa ya 1967. Ile ya 2022 ilimuuliza mama habari za choo na mifugo, haikumuuliza anasali wapi. Kama taifa limeweza kutuhesabu zaidi ya nusu karne bila kuuliza dini, mkeka wa Kisesa nao unaweza kutulisha bila kuuliza.

Nimeshampigia mama. Nimemwambia nitakuja, na mbuzi nimeshamlipia kwa mtu wa mnadani. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama Baba Mdogo ameambiwa. Nikamwambia ameambiwa. Akasema basi, na katekista naye atamwalika, kwa sababu mwaka huu mkewe hayupo tena na hakuna wa kumpikia.

Nitampakulia mimi mwenyewe, na sitamuuliza swali.