Mwanakijiji si mwizi wa msitu wake

Mlima ukibaki kipara, mtuhumiwa ni yule yule: mwanakijiji na shoka lake. Tunaambiwa mali ya wote haina mwenyewe, na bila askari wa misitu hautabaki hata mche. Wanaosema hivyo waende kwanza Shinyanga, Tanzania.

Wakoloni walifyeka mapori ya huko ili kuangamiza mbung'o. Ikaja pamba, mashamba yakapanuka. Kisha uhamishaji wa watu kwenda vijijini wa miaka ya 1970 ukawatenga na ngitili zao, malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili mifugo ipate chakula kiangazi. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimefika mamia ya maelfu ya hekta. Hakikuletwa kikosi cha askari. Dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, uliweka kanuni, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakawakamata wakaidi, faini zikatozwa. Visiki vilivyoachwa vipumue vikachipua vyenyewe.

Babati kuna kisa kinachouma zaidi. Serikali ilipotaka kuufanya msitu wa Duru-Haitemba kuwa hifadhi yake, watu walikimbilia kukata kabla haujachukuliwa. Nani asingekata? Katikati ya miaka ya 1990 msitu uliachwa mikononi mwa vijiji, navyo vikatunga sheria ndogo na kuteua walinzi wao. Watu ni wale wale, mashoka ni yale yale. Kilichobadilika ni nani mwenye kauli.

Sidai kwamba kijijini wanaishi malaika. Zipo ngitili zilizomezwa na wenye ng'ombe wengi huku maskini wakichungulia nje, na wapo wenyeviti wanaouza eneo la kijiji kimyakimya. Lakini mwenyekiti anaweza kuwekwa kikaoni akahojiwa. Aliyetia saini kibali cha magogo akiwa mjini utamhoji wapi?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 zinakiruhusu kijiji kutenga na kusimamia msitu wake. Basi mheshimiwa atakapokuja kupanda mti mbele ya kamera, huku wananchi wakiitwa kuchimba mashimo na kupiga makofi, aulizwe papo hapo: ramani ya kijiji iko wapi, nani atatoa kibali cha kuvuna, na fedha za faini zitaingia akaunti ya nani?