Waacheni mashabiki kwenye uzio

Januari mjini Melbourne ni kiangazi. Jua linachoma, ligi haijaanza, hakuna pointi wala kombe linalogombewa. Lakini nenda Olympic Park Oval, jirani kabisa na uwanja mkubwa wa MCG, utakuta watu wameegemea uzio wakiwatazama Collingwood wakipiga tizi.

Kiingilio hakuna, na mechi hakuna. Kuna wanaume wanaokimbia, wanahema, wanakimbia tena, huku mpira wenye umbo la yai ukipigwa kwa mguu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Mgeni atasema hao jamaa hawana kazi. Wenyewe wanajua wanachokifuata, na klabu inayotaka kuwafungia geti ijue inapoteza nini.

Mpira wa Kiaustralia unakula pumzi. Kila timu inaingiza wachezaji 18, dimba lake la mviringo ni kubwa kuliko la soka, na mechi ina robo nne. Kiungo anaweza kukimbia zaidi ya kilometa 13 katika mchezo mmoja, tena huku akigongwa na kuangushwa.

Ligi yao, AFL, huanza Machi na fainali hupigwa mwishoni mwa Septemba. Pumzi ya Septemba huanza kutafutwa Novemba: vijana hutangulia kambini, wakongwe hufuata, wanapumzika Krismasi, kisha Januari kazi inarudi pale pale.

Aliye kwenye uzio anaona mambo ambayo runinga haimwonyeshi. Anaona nani yuko pembeni akikimbia taratibu na mtaalamu wa viungo. Anaona kijana gani ameanza kupangwa na wakubwa, na beki yupi anajaribiwa mbele.

Tatizo ni kwamba wengi hurudi nyumbani na jina la aliyefunga mabao manne wenyewe kwa wenyewe, wakamtangaza nyota mpya. Ikifika Aprili jina hilo limepotea. Mabao ya mazoezini hayahesabiwi, na anayekukaba ni mwenzako asiyetaka uumie.

Mwenye jicho anasubiri watu wachoke. Hapo ndipo anaangalia: mpira wa huyu bado unafika kifuani mwa mwenzake? Akipoteza, anarudi kukaba au anashika kiuno?

Kazi ya namna hiyo ndiyo iliyomjenga Aliir Aliir. Alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, katika familia ya Sudan Kusini, na mchezo huu aliukuta Australia.

Sydney Swans walimchukua mwishoni mwa 2013, lakini mechi yake ya kwanza ya AFL aliicheza 2016. Maana yake alipita maandalizi ya misimu mitatu kabla ya kucheza hata mechi moja ya ligi hiyo. Mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, beki huyo aliingia kwenye kikosi bora cha msimu.

Anayesoma matokeo tu angesema kijana huyo hayupo. Anayetazama mazoezi ndiye anayeweza kumwona mchezaji wa aina hiyo akipanda ngazi moja moja.

Upande wa pili kuna Adelaide Crows. Mwaka 2017 waliongoza msimamo wa ligi, wakafika fainali, wakachapwa na Richmond kwa tofauti ya pointi 48. Mwanzoni mwa 2018 wakapelekwa kambi ya Gold Coast, mbali na macho ya watu, kwa lengo la kuwakomaza kiakili.

Msimu huo walimaliza nafasi ya 12. Mwaka 2022 mshambuliaji wao wa wakati huo, Eddie Betts, alieleza kitabuni kwamba mambo yake ya ndani, aliyoyasema kwa siri, yalitumiwa kumdhalilisha kambini. Uchunguzi wa mamlaka ya usalama kazini ulikuwa umesema hakuna sheria iliyovunjwa, lakini baada ya kitabu hicho klabu na ligi ziliomba radhi.

Ni kweli uzio peke yake usingemwokoa Betts. Kambi ile ilikuwa mbali, na shabiki hawezi kufuata kila kona. Ila somo lipo: ugumu wa mazoezi ambao lazima ufichwe unatakiwa uulizwe maswali mapema. Kukimbia hadi kutapika mbele ya watoto na wazee ni ugumu pia, na hakuna wa kuuomba radhi baadaye.

Makocha nao wana hoja. Simu ziko kila mfuko, na mbinu mpya ikirekodiwa asubuhi, jioni iko kwa mpinzani. Sawa, siku ya mbinu geti lifungwe, hakuna atakayelalamika. Lakini siku za mbio, za kupiga mpira na za kucheza wenyewe kwa wenyewe zina siri gani? Ligi ikianza, wapinzani watatazama video za kila mechi mpaka macho yaume.

Shabiki anayesimama juani Januari ndiye huyo huyo atakayekaa kwenye mvua Julai timu ikifungwa mara ya tano mfululizo. Atavumilia kwa sababu aliwaona wakihenyeka. Ukimfungia nje, Julai atakuwa anajua jambo moja tu: matokeo.