MCHELE, USHURU, NA MGONGO WA MFANYA KAZI



Katika toleo hili twataka kusema juu ya mchele. Huenda wako watakaouliza: Chama cha wafanya kazi kina shauri gani na mchele? Je, hiyo si kazi ya wenye maduka na wakubwa wa Wizara? Twajibu kwamba ni shauri letu mara mbili. Hapa Illasit mchele hupita mgongoni mwetu kabla haujafika tumboni mwetu. Yuko anayepakia magunia yanayotoka upande wa Tarakea, yuko anayeyapeleka kwa lori mpaka Kimana, Emali na Kitengela, na yuko mama anayepima gorogoro sokoni. Jioni wote hao hununua kilo au nusu kilo kwa ujira wa siku ile ile. Bei ikipanda twaumia kwa kula, na biashara ikisimama twaumia kwa kukosa kazi. Mtu aumiaye pande zote mbili haifai anyamaze.

Wazee husema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Bei ya mchele nayo ina wapishi wengi, na wengi wao hawakai Illasit. Yafaa tuwajue.

Kwanza ni upungufu wetu wenyewe. Kenya huvuna karibu fungu moja tu katika mafungu matano ya mchele inaoula. Sehemu kubwa ya mavuno hayo hutoka Mwea, katika mashamba yaliyoanza kuchimbwa miaka ya 1950 kwa jasho la wafungwa wa siku za Hali ya Hatari. Ahero, Kano Magharibi na Bunyala huongeza kidogo. Bwawa la Thiba lililofunguliwa mwaka 2022 limewaongezea wakulima wa Mwea maji, na mbegu kama Komboka hutoa magunia mengi kuliko pishori. Hayo ni maendeleo, nasi twayasifu. Lakini walaji wanaongezeka upesi kuliko majaruba. Wali, ambao zamani ulikuwa chakula cha sikukuu katika nyumba nyingi, leo ni chakula cha kila siku cha mtu wa mjini. Kwa hiyo kwa miaka mingi bado Kenya itakula mchele wa wengine, na yeyote atakayesema tufunge milango yote hana budi atuambie tutapika nini.

Pili ni nchi za ng'ambo. Mchele wa Pakistan, India, Vietnam na Thailand huteremshwa Mombasa. Tarehe 20 Julai 2023 India, ambayo ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote duniani, ilikataza kuuza nje mchele mweupe usio basmati, na bei ikapanda dunia nzima. Mwisho wa Septemba 2024 katazo hilo likaondolewa, na katika mwaka 2025 bei za Asia zikaporomoka. Basi mtu akitia sahihi karatasi New Delhi, gorogoro hupanda au kushuka Illasit, ambako hakuna hata mmoja aliyempigia kura.

Tatu ni ushuru, na hapa twaomba ndugu wasome polepole. Kwa mapatano ya Afrika Mashariki, mchele utokao nje ya Jumuiya hutozwa ushuru wa asilimia 75. Kenya kwa muda mrefu imeomba ruhusa ya kutoza chini ya hapo, yaani asilimia 35 au dola 200 kwa kila tani, kile kilicho kikubwa. Sababu mojawapo inayotajwa ni chai, kwani Pakistan, inayotuuzia mchele, ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai yetu. Mchuma chai wa Kericho na mpakia mchele wa Illasit wamefungwa kamba moja, ingawa hawajapata kuonana.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme tani moja imefika bandarini kwa thamani ya dola 400. Asilimia 35 yake ni dola 140, lakini kwa kuwa dola 200 ni kubwa kuliko 140, mwenye mchele atalipa 200. Tangu katikati ya mwaka 2024 dola moja imekuwa karibu Sh. 129/-. Basi dola 200 kwa tani ni karibu Sh. 26/- kwa kilo. Shilingi hizo 26 ndizo zinazogombaniwa kila inaposemwa kwamba mchele uingie bila ushuru.

Nne ni mpaka wetu. Tangu Umoja wa Forodha ulipoanza mwaka 2005, mchele uliolimwa Tanzania huingia Kenya bila ushuru wa forodha, maadam una karatasi ya kuthibitisha asili yake. Mwenye mzigo mdogo usiozidi thamani ya dola 2,000 aweza kupata karatasi nyepesi hapo hapo mpakani. Tanzania ina mchele wa Mbeya, Morogoro na Shinyanga, na karibu nasi kabisa, chini ya mlima, yako mashamba ya umwagiliaji ya Chekereni na Mabogini huko Moshi, yaliyojengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980. Mchele huu hautoki ugenini. Ni wa jirani, na ndio uliotupa kazi.

Ndugu, sasa tazameni jinsi mambo haya yanavyogongana. Mwezi wa Julai 2025 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba tani 500,000 za mchele ziingizwe bila ushuru mpaka mwisho wa Desemba. Wakulima wa Mwea wakalia kwamba maghala yao yana mchele usio na mnunuzi. Shauri likapelekwa Mahakama Kuu ya Kerugoya, na mwezi wa Agosti amri ile ikasimamishwa. Baadaye sehemu tu ya mchele ule ikaruhusiwa. Mwezi ule ule wa Julai, Tanzania nayo ilitoa amri ya kuwakataza wageni biashara kadha wa kadha, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Mfanya biashara wa Kenya aliyezoea kwenda kununua kwa mkulima sasa hana budi kupitia kwa mwenyeji. Mwisho wa Oktoba 2025, wakati wa uchaguzi wa Tanzania na ghasia zilizofuata, biashara ya Namanga ikakwama. Katika nusu mwaka mmoja mlango umefunguliwa, umefungwa, umefunguliwa nusu. Si mambo mageni, kwani mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ghafla kwa sababu ya sumu ya ukungu, kisha kabla siku hazijawa nyingi ikayaruhusu kwa masharti. Siku hizo zilikuwa chache kwa mtu wa ofisini, lakini kibarua alipwaye kwa gunia akikosa siku tano amekosa kodi ya nyumba.

Wako ndugu wanaosema: Mchele wa Mombasa uingie bila ushuru, maana twataka kula kwa bei ndogo. Twawaelewa. Kwa amri ya mishahara iliyoanza 1 Novemba 2024, kibarua wa kawaida aliye nje ya miji iliyotajwa katika amri ile alipangiwa Sh. 8,596/- kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Tuseme nyumba yake hupika kilo moja kwa siku, na kilo ni Sh. 150/-. Kwa siku 30 ni Sh. 4,500/-, zaidi ya nusu ya mshahara, kabla ya mafuta, maharage, kuni na karo. Zile shilingi 26 zikipunguzwa kweli, nyumba yake itabakiwa na Sh. 780/- kwa mwezi. Hizo si kidogo.

Wako wengine wanaosema: Ushuru ubaki, maana mchele wa Mombasa ukiwa rahisi sana, nani wa Kitengela atanunua wa Tanzania? Malori yatapungua Illasit, nasi tutakaa barazani. Hao nao twawaelewa. Wote wawili wasema kweli. Mmoja anasema kwa tumbo na mwingine kwa mgongo, na mara nyingi ni mtu yule yule. Basi tusikubali kugombanishwa, mlaji na mpakiaji, wala sisi na mkulima wa Mwea, wala sisi na jirani wa Tarakea. Linalotuumiza sote ni amri za ghafla, na faida inayopotea njiani kati ya bandari na gorogoro.

Kwa hiyo Chama chaona hivi.

La kwanza, Serikali itangaze mapema, kabla wakulima hawajapanda, ni tani ngapi zitakazopungua na ngapi zitakazoruhusiwa. Mchele wa msamaha wa ushuru usiteremshwe Mombasa katika miezi ya mavuno makubwa ya Mwea, yaani Novemba mpaka Januari. Mkulima asiyejua atauza kwa bei gani hatapanda msimu ujao, na upungufu wake utarudi kwetu kwa bei ya juu.

La pili, ushuru ukisamehewa, umma uonyeshwe nani amesamehewa, tani ngapi, na bei gani dukani. Fedha zilizosamehewa ni za wananchi. Zikiishia katika mfuko wa mwenye ghala, na kilo dukani isishuke hata shilingi kumi, basi aliyesaidiwa si maskini.

La tatu, Serikali zetu mbili zisifunge mpaka kwa chakula bila taarifa ya kutosha, na mama mwenye magunia mawili na karatasi yake halali asisumbuliwe. Anayesumbuliwa mlangoni hujifunza njia za panya, na huko hakuna sheria, hakuna bima, wala hakuna chama cha kumtetea.

La nne lahusu mgongo wenyewe. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilishauri kwamba mwanamume mzima asibebeshwe mzigo uzidio kilo 55. Gunia la kilo 100, na lumbesa juu yake, ni mara mbili ya hapo. Twataka magunia ya kilo 50, mizani pale yanapopakiwa, na bei ya kupakia iandikwe ukutani. Mwenye mali ahesabu magunia, nasi tuhesabu ujira wetu.

Hayo ni ya kuwadai wengine. Yako pia ya kwetu wenyewe. Yajulikana kwamba mchele wa ng'ambo huchanganywa na pishori kidogo, ukauzwa kwa jina na bei ya pishori ya Mwea. Anayeamuru ni mwenye ghala, lakini mikono inayochanganya ni ya wafanya kazi, na anayedanganywa ni mke wa mfanya kazi mwenziwe. Mwanachama akiamrishwa hivyo asikae na siri hiyo peke yake. Alete habari kwa katibu wa tawi, Chama kiseme kwa niaba yake bila kumtaja. Tena twashauri kila tawi liandike bei ya kilo kila juma, Illasit, Loitokitok, Kajiado na Kitengela, na kuibandika ubaoni. Tukiwa na daftari la miezi sita, hakuna atakayetuambia kwamba bei imeshuka hali twajua haikushuka. Na jamaa kumi au ishirini wakichanga wanunue magunia kwa pamoja, wakagawana kwa mizani, wataokoa fedha ambazo leo humezwa na gorogoro iliyobonyea.

Je, siku zijazo zitakuwaje? Hatupigi ramli. Lakini yaonekana wazi kwamba bei za Asia zikikaa chini, matajiri wa bandarini wataomba msamaha wa ushuru tena na tena. Zikipanda, wenye njaa ndio watakaoomba. Mvua ikikosa Mwea, au maji yakipungua Moshi ambako mashamba ya juu huyatumia kabla hayajafika chini, Illasit itaona kwa kuhesabu malori. Tanzania ikivuna vizuri, na karatasi zikiwa nyepesi, kazi itakuwako. Hayo hayamo mikononi mwetu. Lililomo mikononi mwetu ni kuingia katika kila mojawapo tukiwa na hesabu, mizani, na sauti moja.

Mkutano wa tawi ukiitwa, shauri la kilo 50 na bei ya kupakia litakuwa la kwanza. Njooni wote, wa lori, wa ghala, wa kinu na wa sokoni. Asiyekuja asilaumu yatakayoamuliwa.

Umoja ni nguvu.